Awamu ya pili: atafanya kazi

Karatasi ni ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne ili iingie kwenye pochi. Juu kuna jina la chuo cha Uingereza. Chini yake namba zimepangwa kwa kalamu ya buluu: nauli, viza, ada ya huduma ya afya, pango la chumba miezi mitatu. Ada ya chuo imegawanywa mara mbili. Awamu ya kwanza imewekewa alama ya vema, maana kiwanja cha Chanika kimeshapata mnunuzi. Mbele ya awamu ya pili hakuna namba, wala jina la mtu atakayelipa. Kuna maneno mawili tu: "atafanya kazi."

Karatasi kama hizi ziko nyingi Dar es Salaam. Zinaandikwa kwenye ofisi za mawakala Kijitonyama na Sinza, kwenye vikao vya familia Jumapili mchana, kwenye makundi ya WhatsApp ya mchango wa safari. Kwa wiki kadhaa sasa maneno hayo mawili yananikereketa, na kinachonikereketa zaidi ni kwamba si uongo. Mtoto kweli ataruhusiwa kufanya kazi. Viza yake itasema hivyo.

Ila viza itasema pia saa ngapi, kazi ipi na wakati gani. Hayo hayapo kwenye karatasi.

Hesabu ya saa 20

Tuanze na Uingereza, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi kwenye vikao hivyo.

Mwanafunzi wa digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayesoma ngazi iliyo chini ya digrii, wakiwemo vijana wanaomaliza kidato cha sita na kuanzia faundesheni (kozi ya maandalizi kabla ya digrii), anapewa saa 10 tu. Tayari hapo karatasi nyingi zimeshakosea, kwa sababu "saa 20" imekuwa kama kiitikio na hakuna anayeuliza mtoto anaingia ngazi gani.

Sasa tuweke hela. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, tangu Aprili 2026, ni pauni 12.71 kwa saa. Mara saa 20 ni pauni 254.20 kwa wiki. Akifanya kazi kila wiki ya mwaka bila kuugua wala kukosa shifti hata moja, wastani wake ni kama pauni 1,101 kwa mwezi kabla ya makato. Mwenye miaka 18 hadi 20 kima chake ni pauni 10.85, kwa hiyo wastani unashuka hadi pauni 940.

Serikali hiyo hiyo inamtaka mwombaji wa viza aonyeshe hela ya kujikimu. Tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, na 1,529 kwa London, kwa miezi hadi tisa.

Linganisha. Saa zote anazoruhusiwa wakati wa muhula, kwa kima cha chini, hazifikii hata kiasi ambacho serikali yenyewe inasema anahitaji kwa chakula na malazi nje ya London. Ada haijaguswa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipobadilika. Kwa muda mrefu niliona kwamba tatizo la wanafunzi wanaovuka saa ni nidhamu, au tamaa, au kutojua sheria. Ukizipanga hizo namba mbili sambamba unaona kitu kingine. Kijana anayetegemewa kulipa awamu ya pili kwa saa 20 amepewa hesabu isiyofungika tangu akiwa Dar. Atakapovuka saa huko Leicester au Coventry, kosa litakuwa limeanzia kwenye karatasi ya nyumbani.

Januari inakuja mapema

Kozi nyingi zinaanza Septemba, na awamu ya pili mara nyingi inadaiwa Januari. Kati ya hapo kuna mambo ambayo hayana mshahara.

Anafika, anajisajili chuoni, anafungua akaunti ya benki. Viza sasa ni ya kielektroniki, kwa hiyo anaingia kwenye akaunti yake ya uhamiaji na kutoa namba ya kumthibitishia mwajiri. Namba ya kazi huanza na herufi W na hudumu siku 90. Anaomba mtandaoni namba ya bima ya taifa, ile inayotumika kwenye kodi na makato ya mshahara. Anaweza kuanza kazi kabla namba ya bima haijatoka, mradi amethibitisha haki yake ya kufanya kazi, na hili inafaa alijue kwa sababu wengine hukaa nyumbani wakiisubiri. Kisha anatafuta kazi pamoja na maelfu ya wanafunzi waliofika wiki ile ile. Akipata, waajiri wengi hulipa mwisho wa mwezi.

Tuseme ana bahati na anaanza tarehe 1 Novemba. Hadi mwisho wa Januari ni wiki 13: pauni 3,304.60. Chuo kikifunga wiki tatu za Krismasi anaruhusiwa kufanya muda wote. Tuongeze saa 20 kwa kila wiki ya hizo tatu, pauni 762.60. Jumla 4,067.20. Ada ikiwa pauni 16,000, awamu ya pili ni 8,000.

Amefika nusu, na hapo hajala, hajapanda basi, hajalipa pango.

Saa 20 zenyewe pia hakuna anayemhakikishia. Ajira nyingi za wanafunzi hazina saa maalumu: kampuni ya kuajiri vibarua inampa shifti nyingi Desemba, halafu Januari simu haiiti. Kumbe ndiyo Januari ya ada.

Salio la siku 28

Swali ambalo wengi watauliza: kama serikali inadai hela ya kujikimu ionekane benki, mtoto anaishiwaje?

Kwa sababu hela iliyoonekana haikuwa yake.

Masharti ya Uingereza ni kwamba salio likae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Akaunti iwe ya mwombaji, au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Ikiwa ya mzazi, kunatakiwa cheti cha kuzaliwa, kwetu kile cha RITA, pamoja na barua ya mzazi kuridhia. Akaunti ya mjomba haikubaliki hata kama ndiye aliyekusomesha tangu darasa la kwanza, isipokuwa awe mlezi wako kisheria.

Familia inafanya nini? Inakusanya. Huyu anaweka hela ya gari, yule anaweka mtaji wa duka la Kariakoo, mwingine anatoa mkopo wa kikoba. Salio linatimia, siku 28 zinapita, viza inatoka, kila mtu anachukua chake. Kwa nje ya London na miezi tisa, hapo zimeondoka pauni 10,539 ambazo karatasi ya viza inadhani mtoto anazo.

Silaumu upendo uliofanya ndugu hao wachange. Lakini ni lazima tuseme kilichotokea: mto wa fedha uliotakiwa kumbeba mtoto miezi tisa umekauka siku aliyopanda ndege. Na sharti ni kwamba hela iwe inapatikana kweli kwa matumizi yake. Ikibainika kwamba nyaraka ni za kughushi au maelezo ni ya udanganyifu, maombi yanakataliwa na anaweza kufungiwa kwa miaka 10.

Saa zinavyohesabiwa

Wiki ya uhamiaji wa Uingereza inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na haina wastani. Saa 24 wiki hii na 16 wiki ijayo ni kosa, hata kama jumla ni 40. Shifti ya usiku inayoanza Jumapili saa nne na kuisha Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi inagawanyika: saa mbili zinaingia wiki iliyopita, sita zinaingia wiki mpya. Waajiri wote wanajumlishwa. Kazi isiyo na malipo nayo inahesabiwa.

Nyumba za kutunzia wazee ndizo zinazowanasa wengi. Shifti nyingi huko ni za saa 12. Mbili kwa wiki ni 24. Hata ukiondoa saa moja ya mapumziko isiyolipwa kwa kila shifti, ni 22. Kwa hiyo mwanafunzi halali anachukua shifti moja ndefu na moja fupi, na inabidi amwambie msimamizi wake mapema, kwa maandishi, kabla ratiba haijapangwa.

Mtego wa pili ni wa wanaosoma masta. Juni chuo kinakuwa kimya, madarasa yamekwisha, wenzao wa digrii ya kwanza wako likizo wakifanya saa 40. Wa masta anabaki na tasnifu hadi Septemba, na kipindi cha tasnifu ni muhula. Saa zake bado ni 20 mpaka tarehe rasmi ya kumaliza kozi. Kinachoamua ni barua ya chuo yenye tarehe za mihula. Mwajiri mwenyewe anatakiwa awe na nakala yake.

Kuhusu "nani atajua": mwajiri hupeleka taarifa za mshahara kwa mamlaka ya kodi kila anapolipa. Salari slipu zinabaki. Siku anayoomba viza ya baada ya masomo au ya kazi, miezi ile inaweza kusomwa upya. Na mwajiri anaogopa kwa sababu zake: tangu Februari 2024 faini ya kumwajiri mtu asiye na haki hufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la kwanza, na 60,000 likirudiwa. Mshahara wa kazi haramu wenyewe unaweza kutaifishwa kama mali ya uhalifu.

Kusuka, kuendesha, kuuza

Kuna kazi ambazo nyumbani hatuziiti hata ajira. Kusuka nywele chumbani. Kuuza vitenge na dagaa kwa Watanzania wa mji ule. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu. Kupokea malipo ya video mtandaoni.

Uingereza inaziita kujiajiri, na viza ya mwanafunzi haimruhusu kujiajiri hata saa moja. Haijalishi amebakisha saa ngapi kati ya 20. Wapeleka chakula wengi wamesajiliwa kama watu waliojiajiri, ndiyo maana kuna biashara ya kukodisha akaunti za watu wengine. Anayekodi anaongeza kosa juu ya kosa, na akigongwa na gari hana wa kumdai.

Kwa Marekani ukali uko kwingine. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inaruhusu saa 20 ndani ya kampasi tu wakati wa masomo: maktaba, mgahawa wa chuo, maabara. Nje ya kampasi kuna njia za vibali maalumu, kama mafunzo ya vitendo, na nyingi zinataka awe amemaliza mwaka mzima wa masomo kwanza. Namba ya hifadhi ya jamii anaiomba akiwa na barua ya mwajiri na barua ya ofisa wa chuo anayeitwa DSO, na ni vizuri asubiri siku 10 tangu kufika ili kumbukumbu zake zionekane kwenye mfumo.

Linalofichika ni hili. Mwanafunzi aliyepoteza hadhi yake ya viza kwa kupunguza masomo bila kibali anaweza kuomba arejeshewe. Aliyefanya kazi bila ruhusa hawezi. Sharti mojawapo la kurejeshewa ni kutowahi kufanya kazi bila ruhusa. Wikendi moja ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa mtaani inatosha kumfungia mlango huo.

"Lakini binamu alifanya saa 40"

Binamu hasemi uongo. Swali ni alifanya lini.

Kanada iliondoa kikomo cha saa kwa wanafunzi wengi kuanzia tarehe 15 Novemba 2022 hadi 30 Aprili 2024. Australia ilifungua vivyo hivyo kuanzia Januari 2022 hadi mwisho wa Juni 2023, wakati wa uhaba wa wafanyakazi. Uingereza, kabla ya Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya kawaida aliweza kwenda na mwenza, na mwenza akafanya kazi muda wote. Ndivyo ada nyingi zilivyolipwa: mmoja darasani, mwingine kubeba boksi. Sasa nafasi ya kwenda na mwenza imebaki kwa wachache, hasa wa shahada za utafiti. Kanada nayo tangu Januari 2025 imebana vibali vya wenza. Masta inayokubalika ni ile ya miezi 16 au zaidi. Marekani mwenza wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi kabisa.

Ushahidi wa binamu ni wa dirisha lililofungwa, na familia inaupokea kama ramani ya leo.

Hali ya sasa, kwa ufupi. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya kampasi tangu tarehe 8 Novemba 2024, na muda wote wakati wa likizo iliyopangwa na chuo, mradi awe mwanafunzi wa muda wote kabla na baada ya likizo hiyo. Kwa kima cha chini cha jimbo la Ontario kilichoanza Oktoba 2025, dola 17.60, mwaka mzima wa saa 24 unatoa dola 21,964.80, ilhali kiwango cha kujikimu kinachodaiwa tangu Septemba 2025 ni 22,895. Tena namba hazikutani, ingawa zimekaribiana.

Australia ni saa 48 kwa siku 14, na hazianzi mpaka kozi ianze. Siku 14 hizo zinahesabiwa kutoka kila Jumatatu. Ukifanya 20, kisha 28, kisha 24, wiki mbili za kwanza ni 48 na uko salama. Wiki ya pili na ya tatu ni 52 na umevuka. Haki isemwe: kwa kima cha chini kilichoanza Julai 2025, dola 24.95, Australia ndiyo nchi ambayo saa halali zinakaribia kulisha mtu kweli. Zinamlisha tu, ada ibaki.

Ujerumani ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka tangu Machi 2024, na kazi za usaidizi chuoni haziingii kwenye hesabu hiyo. Kule salio la kukopa halifanyi kazi: euro 11,904 zinafungiwa kwenye akaunti maalumu na kutolewa 992 kila mwezi. Familia nyingi zinalichukia sharti hili. Mimi nadhani ndilo linalomlinda mtoto kuliko yote.

China, ambako vijana wetu wengi wanasoma, hakuna saa za kugawa mpaka chuo na polisi wa uhamiaji waridhie na kibali cha makazi kiandikwe hivyo. Kufundisha Kiingereza wikendi bila hilo ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anawekwa ndani siku 5 hadi 15. India usiweke kabisa mstari wa kazi kwenye bajeti. Malaysia ni saa 20 wakati wa likizo ya zaidi ya siku saba tu, kwa kibali, kwenye sehemu zilizotajwa kama migahawa na vituo vya mafuta, na hata hapo hawezi kukaa kwenye kaunta ya kupokea malipo.

Shaka inayobaki

Je, haya yote yana maana kwamba asiye na hela asiende?

Sijalimaliza swali hili. Kuna nyumba Kimara na Mbezi zilizojengwa na waliokwenda na begi moja na deni. Kumwambia mzazi mwenye mtoto mwenye akili kwamba asubiri si jambo dogo, na nafasi za udhamini hazitoshi wote. Lakini waliofanikiwa ndio wanaorudi kusimulia Desemba. Aliyefutiwa usajili mwezi Machi hasimulii, na mama yake hasimulii kwa niaba yake.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni mahali pa kuweka kazi kwenye karatasi. Ada yote ya mwaka iwe na mlipaji mwenye jina, nje ya mwanafunzi. Miezi mitatu ya kwanza mstari wa kazi uwe sifuri. Kuanzia mwezi wa nne hesabu saa 12 kwa wiki, ambazo mtu anaweza kuzifanya bila kufeli, kwa kima cha chini cha umri wake, na zielekezwe kwenye chakula na usafiri tu. Kikomo cha sheria kisiwe makadirio ya kipato. Wakala aulizwe maswali mawili kwa maandishi: kozi hii ni ngazi gani, na awamu ya pili inadaiwa tarehe ngapi.

Akiwa ameshakwama

Kuna wanaosoma hapa wakiwa tayari huko, awamu ya pili iko mbele yao na saa zimekwisha. Msiongeze shifti.

Nenda ofisi ya fedha ya chuo kabla ya tarehe ya malipo, si baada yake. Omba ratiba mpya ya kulipa kwa maandishi, na uliza kuhusu mfuko wa dharura wa wanafunzi wa kigeni. Vyuo vingi hugawa upya deni la mtu aliyejitokeza mapema. Asiyejitokeza hufutiwa usajili, na chuo cha Uingereza kinatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10 za kazi. Baada ya hapo viza kwa kawaida hufupishwa na kubaki siku 60.

Kama umeshavuka saa, rudi chini ya kikomo wiki hii hii, hifadhi salari slipu zote, na uzungumze na mshauri wa uhamiaji wa chuo au wa umoja wa wanafunzi. Usimwulize msimamizi wa shifti, wala kundi la WhatsApp. Marekani, kabla hujamweleza DSO jambo lolote kuhusu kazi ya nje ya kampasi, ongea kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Vyuo vingi vina kliniki ya sheria isiyotoza wanafunzi. Halafu piga simu nyumbani uwape tarehe na kiasi kamili kinachodaiwa, ili waliochanga mara ya kwanza waamue wakiwa na namba halisi mbele yao.